Pointi Ishirini na Tisa za Fundi Shaibu

Jamhuri ya Staha haimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona, na wenyewe wanasema kosa ni la ramani. Ni nchi nzuri. Viongozi wake hawakosei, raia wake hawalalamiki, na wale wachache wanaokosea au kulalamika huandikwa daftarini ili wajulikane. Nasimulia habari zake kwa heshima zote, maana sijawahi kusikia neno baya juu ya nchi hiyo kutoka kwa mtu yeyote anayeishi humo.

Mwaka mmoja Bunge la Staha lilipitisha Sheria ya Daftari la Wakosaji wa Miili ya Watu. Sheria yenyewe haikuwa mbaya. Wanawake waliidai miaka mingi, wakaandamana, wakapigwa virungu, wakaandamana tena, na mwishowe waheshimiwa wakakubali, kila mmoja akidai ndiye aliyeileta. Mtu aliyemvamia au kumdhalilisha mwenzake, akishamaliza kifungo, aliandikwa kwenye Daftari na kupewa pointi za hatari. Ukiwa na pointi zisizozidi kumi, uko daraja la kwanza: unaripoti kwa mtendaji wa kata kila mwezi, basi. Zisizozidi ishirini, daraja la pili: jina lako linabandikwa sokoni karibu na bei za nyanya. Zikizidi hapo, daraja la tatu: hukaribii hatua mia mbili kutoka mahali anapolala mwanamke yeyote, na humgusi binadamu kwa sababu yoyote, awe mgonjwa au maiti.

Shaibu Mkwinda, fundi cherehani wa mtaa wa Kitopeni, alikuwa daraja la tatu. Alikuwa na pointi ishirini na tisa.

Nasema mapema, msomaji asije akampa huruma ya bure: kosa alilitenda. Mteja aliingia kibandani kwake kujaribu gauni, mwanamke mtu mzima anayeitwa Sabaha Mbaruku, muuguzi wa zahanati, na Shaibu akamshika mahali ambapo hakuruhusiwa kumshika. Mahakamani alitamka maneno mawili tu, "Nimekosa, mheshimiwa," akainamisha kichwa, akafungwa miaka miwili, akaimaliza. Tangu hapo hakuwahi kulitaja kosa lile kwa mdomo wake. Akilikumbuka, masikio yalimwaka moto, akatafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Aliporudi kutoka gerezani hakuweza kuingia nyumbani, kwa sababu ndani alilala mwanamke. Mwanamke huyo alikuwa mama yake, Bi Kidawa, mwenye miaka sabini na minane na miguu iliyokufa ganzi. Shaibu akahamia banda la kuku lililoachwa nyuma ya nyumba, ambalo maafisa walipima wakaona liko hatua mia mbili kamili. Serikali haikumtupa mama. Ilimpa Afisa Mlezi, bwana mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, aliyefika kila Alhamisi, akasimama mlangoni na kuuliza, "Mama, upo?" Bi Kidawa akijibu kwamba yupo, afisa aliweka alama ya vema kwenye karatasi yake na kwenda zake.

Chakula kililetwa na majirani kwa zamu. Zamu zilianza vizuri, kisha zikapwaya kama zinavyopwaya zamu za watu wenye shida zao. Wiki moja Shaibu alipata habari kwamba kuanzia Jumatatu hadi Jumatano mama yake alishindia chai kavu, na kwamba alikuwa amejichafua kitandani na kukaa hivyo hivyo mpaka jirani mmoja alipokumbuka. Shaibu alilia bandani. Asubuhi yake akapiga pasi shati lake moja zuri, akaenda kukata rufaa.

*

Ofisi ya Rufaa za Madaraja ya Hatari ilikuwa ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa ya waheshimiwa. Karani aliyempokea alikuwa mama wa makamo, ana miwani machoni na nyingine juu ya paji la uso, na alizungumza kwa upole wa mtu anayesubiri kustaafu.

"Fundi, unataka zipungue ngapi?"

"Zipungue mpaka niruhusiwe kumwogesha mama yangu."

Karani akafungua faili. Akabadilisha miwani, akasoma, akabadilisha tena.

"Kumbe mwanzo ulikuwa daraja la kwanza. Pointi tisa. Hizi ishirini zilihamia juma lile lile ulilotoka gerezani."

"Zilihamia kutoka wapi?"

Karani akaufunika mstari kwa kiganja, lakini polepole, kama mtu asiyejali sana kama umeonekana. Shaibu aliusoma. Mheshimiwa Bakunda, Naibu Waziri wa Maadili, alikuwa amekata rufaa mwezi wa tatu na kushinda. Habari za mheshimiwa huyo na wasichana wa ofisini kwake zilijulikana Staha nzima, hata kasuku wa Ikulu alizijua, na ndiyo maana kasuku huyo alistaafishwa.

"Sasa kwa nini mimi?" Shaibu akauliza.

"Pointi hazifutwi, fundi. Mheshimiwa Rais alishalitangazia taifa kwamba hatari yote iliyomo nchini ni pointi elfu nne mia tatu na sita. Ikipungua, alidanganya. Ikizidi, ameshindwa kuidhibiti. Kwa hiyo zikimtoka mtu, lazima zimwangukie mtu. Kamati ilitafuta mtu mwenye nafasi. Wewe ulikuwa umeshakiri na hukuwahi kubisha, wakaona una nafasi kubwa."

"Nataka kumrudishia zake."

"Kumrudishia mheshimiwa pointi ni kumvunjia heshima. Kosa hilo lina pointi saba." Akamsogezea fomu. "Jaza sehemu A na B. Sehemu C ni ya mpokeaji. Andika jina la mtu anayehusika na shauri lako."

Shaibu alijaza A na B kwa mwandiko wake wa kuandikia vipimo, herufi zilizonyooka. Kwenye C kalamu ikasimama.

"Wenzangu huwa wanaandika nani?"

"Wengi huandika aliyewashtaki," karani akasema, akitazama dirishani. "Yumo kwenye faili tayari, anwani yake tunayo. Ndiyo njia fupi."

Sitaki kumwongezea fundi huyu uovu, lakini pia sitaki kumpunguzia. Alijua. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba hakuelewa vizuri, kwamba aliharakishwa, kwamba ilikuwa karatasi tu. Lakini saa ile, pale kaunta, alielewa kila kitu. Kisha akamfikiria mama yake na shuka lile la Jumatano. Akaandika: Sabaha Mbaruku. Karani akagonga muhuri bila kumtazama usoni.

*

Siku ya kusikilizwa, ukumbi wa halmashauri ulipambwa kwa vitambaa vya rangi za taifa, kwa sababu mratibu alidhani ni harusi na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Kamati ilikuwa na watu saba. Sita walikuwa wamekuja kupiga makofi. Wa saba alikuwa mwenyekiti, Mheshimiwa Profesa Kagundu, ambaye alikuwa na shahada nne, na ya tano ilikuwa njiani.

Bi Kidawa aliletwa na Afisa Mlezi akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa kanga mpya, amejipaka hina. Alikuja kuthibitisha kwamba anahitaji kuogeshwa, na kwenye orodha aliandikwa Kielelezo A. Alikuwa na furaha. Alimwona mwanawe upande wa pili wa ukumbi, hatua mia mbili zikiwa zimesitishwa kwa muda wa kikao, akampungia mkono.

"Leo unarudi nyumbani, baba," akamwambia kwa sauti ya watu wanaosikia kwa shida.

Shaibu akatabasamu kidogo. Hakuwa na wasiwasi mkubwa mpaka mlango ulipofunguliwa akaingia Sabaha, na sare yake nyeupe ya kazini, na barua ya wito mkononi. Hakuwa amefikiria kwamba wangemwita. Shati lake zuri likamganda mgongoni.

Sabaha aliketi mstari wa mbele. Barua ilimwambia tu kwamba jambo lake litashughulikiwa. Katika miaka yote ile hakuna ofisi iliyomwuliza hali yake, kwa hiyo alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameandika mambo yake kwenye karatasi ya daftari, ameikunja mara nne, ameishika.

Profesa Kagundu akasimama, akakohoa, nao wale sita wakapiga makofi.

"Wananchi. Taifa ni mwili. Mwili una viungo. Viungo vikigusana ovyo, taifa linawasha. Kamati yangu haikuja hapa kuhukumu, maana kuhukumu ni kazi ya watu wa chini. Sisi tunaweka uwiano. Tunaichukua hatari pale ilipozidi, tunaipeleka pale ilipopungua, kama mkulima anavyogawa maji ya mfereji. Katika mwaka huu wa fedha tumehamisha hatari kutoka kwa waheshimiwa kumi na wawili, na sasa waheshimiwa wetu hawana hatari hata kidogo. Tujipongeze."

Wakajipongeza kwa dakika mbili.

"Sasa, mrufani ana pointi ishirini na tisa. Anaomba zihamie zote, kwa sababu ya mama. Kamati inampenda mama. Sehemu C imejazwa vizuri, kwa mwandiko safi ambao wengine wangeuiga. Mpokeaji ni," akasogeza karatasi karibu na pua, "Bi Sabaha Mbaruku. Yupo?"

Sabaha akasimama, karatasi yake iliyokunjwa bado mkononi.

"Mpokeaji wa nini, mheshimiwa?"

"Usijali, dada, ni utaratibu tu. Unapokea pointi ishirini na tisa. Hutakuwa mkosaji, la hasha. Utakuwa mhusika wa daraja la tatu. Kamati itaandika kwamba ulimkaribia fundi kwa hiari yako, ukampotosha. Huhitaji kusema chochote."

"Mimi ni muuguzi. Nazalisha. Nikiwa daraja la tatu siruhusiwi kugusa mtu. Nitawazalisha wanawake kwa macho?"

"Serikali inathamini sana kujitolea kwenu," mwenyekiti akasema, na kuandika kitu.

Sabaha hakupandisha sauti. Aligeuka akamtazama Shaibu, mara ya kwanza tangu siku ile ya gauni, na Shaibu akaona kwamba uso wake haukuwa na hasira aliyoitarajia. Ulikuwa umechoka, basi.

"Umekaa na kalamu," akamwambia, "ukaliandika jina langu herufi moja moja."

Shaibu alitamani sakafu ipasuke, na sakafu za Staha, zilizojengwa kwa saruji kidogo sana, mara nyingi hupasuka, lakini si siku unayozihitaji zipasuke.

Ndipo Bi Kidawa akaipindua shingo kutafuta ile sauti.

"Huyo si yule wa kitambaa?" akauliza.

"Kitambaa gani, mama?" Sabaha akasema.

"Chako. Wewe ndiye uliyempeleka mwanangu gerezani kwa kitambaa kilichokatwa vibaya. Leo unakataa nini tena, mwanangu asinirudie?"

Hiyo ndiyo hadithi ambayo Shaibu alimtumia mama yake kutoka rumande, kwa barua, miaka mitatu iliyopita: kitambaa cha hariri, mteja mkali, maneno yakazidi, kesi ikakua. Ilikuwa hadithi nzuri. Mama aliipokea, akaisimulia mtaa mzima, na majirani, kwa huruma, hawakumsahihisha.

Sabaha akamtazama Shaibu tena, akaketi. Hakuwa akimsitiri. Alikuwa ameikataa kazi ya kumwambia mama ukweli, maana haikuwa yake.

*

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Shaibu akasema, "naomba kulifuta jina la sehemu C."

Profesa Kagundu akashtuka. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea, na ikabidi sheria iletwe na ipanguswe vumbi.

"Kifungu cha arobaini na moja," akasoma. "Mrufani anayetaka kufuta mpokeaji atasimama na kutamka, kwa sauti inayosikika na wote waliopo, kwa nini pointi ni zake. Akishatamka, pointi zote zitabaki kwake daima, wala hatakata rufaa tena maisha yake yote. Fundi, nakushauri kama mzazi. Sema umechoka, tukuahirishie. Mambo haya hayana haja ya kutamkwa. Mimi mwenyewe nimekaa kamati hii miaka mitano na sijawahi kusikia mtu akisema alichofanya. Tunakwenda vizuri tu."

Shaibu alimtazama mama yake. Hina ilikuwa bado mbichi kwenye kucha. Akafikiri: nikikaa, leo usiku ninampikia uji. Nikisimama, hatanipa hata mkono. Alilifikiri hilo kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukiri, na kwa muda ule wote Sabaha alikuwa akisubiri kama alivyosubiri mahakamani. Aibu aliyokuwa ameibeba ilikuwa aibu ya kujulikana. Sasa akahisi nyingine chini yake, nzito kuliko ile, ya kwamba alikuwa tayari kumtenda mara ya pili.

Akasimama.

"Sikukata kitambaa vibaya," akasema. "Mama, hapakuwa na kitambaa. Huyu dada alikuja kujaribu gauni. Nilifunga mlango. Nilimbana ukutani nikamshika kifuani, na chini. Hakunialika nimguse. Aliniambia niache, fundi, niache. Alisema mara tatu. Nilisikia zote tatu. Niliacha aliponing'ata mkono, si kwa sababu nilimhurumia. Halafu nikamwambia nani atamwamini. Hayo ndiyo niliyoyafanya."

Mmoja wa wale sita akaanza kupiga makofi kwa mazoea, mwenzake akamshika mikono.

"Pointi tisa ni zangu," Shaibu akaendelea, "na pengine ni chache. Zile ishirini si zangu, na kila mtu humu ndani anajua ni za nani."

Kamati yote ikatazama dari. Profesa Kagundu akamgeukia mwandishi wa kikao.

"Kumbukumbu zioneshe kwamba hapo mrufani alikohoa."

Ikaandikwa hivyo. Rufaa ikatupwa, pointi ishirini na tisa zikathibitishwa, hatari ya taifa ikabaki elfu nne mia tatu na sita, na mwenyekiti akawashukuru wote kwa amani na utulivu.

Bi Kidawa alikuwa ameangalia viganja vyake muda wote. Sasa akamwambia Afisa Mlezi amgeuzie kiti. Afisa akamgeuza kuelekea kwa mwanawe.

"Si huko," akasema. "Kwa huyo binti."

Akageuzwa.

"Ulikuwa ukipita barazani kwangu ukienda kazini," Bi Kidawa akasema. "Unaniamkia. Nakugeuzia uso. Siku moja nilitema mate."

"Nilidhani unajua, mama. Nikadhani umechagua upande wake."

"Sikujua."

"Basi sasa unajua," Sabaha akasema. Hakumkumbatia, wala hakumwambia yameisha. Akaichukua karatasi yake, akaikunjua, akaisoma kimya mistari miwili mitatu, akairudisha mfukoni. "Sikuja kusamehe mtu, na hakuna aliyeniuliza. Nina mama mwenye uchungu pale zahanati tangu alfajiri." Akatoka.

Shaibu akajongea hatua mbili kuelekea kwenye kiti. Afisa Mlezi akapuliza filimbi, kwa sababu kikao kilikuwa kimekwisha na hatua zilikuwa zimerudi.

"Mama," Shaibu akaita kutoka pale alipozuiwa. "Nani atakupikia?"

Bi Kidawa alizungumza na afisa, kwa utulivu, kama mtu anayeulizia kuhusu kazi ya nyumbani.

"Bwana afisa, hizi hatua mia mbili mlizipima kuanzia wapi?"

"Kuanzia getini, mama."

"Mimi silali getini. Sheria yenu imesema mahali anapolala mwanamke. Nalala chumba cha nyuma, upande wa lile banda."

Afisa akafikiri, akahesabu kwa vidole, na jasho likamtoka. Lilikuwa kosa la miezi minane, na alikuwa amelisaini mwenyewe.

"Pimeni upya," Bi Kidawa akasema. "Anzieni kitandani."

Serikali ya Staha ilitekeleza siku hiyo hiyo, na ni haki niseme kwamba hakuna jambo lingine katika habari hii ililolitekeleza kwa wepesi ule. Waliichukua kamba rasmi, wakafunga ncha moja kwenye mguu wa kitanda cha Bi Kidawa, wakaipitisha dirishani, na ncha ya pili wakampa Shaibu kwa sababu wafanyakazi hawakutosha. Aliambiwa arudi nyuma mpaka ikaze. Akarudi kinyumenyume, akalipita banda lake na godoro lake na cherehani, akaingia kwenye majani, akaendelea kurudi. Kamba ilipokaza alisimama, akawa anatazama dirisha ambalo sasa lilikuwa dogo sana, akisubiri mtu atokeze na kumwambia inatosha.

Mkono wa mama yake ukatokeza, na dirisha likafungwa kwa ndani.